DENI HUTANGULIA URITHI
Mazingatio ya ziyara ya Kwihara na Kipalapala

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha zaidi ya mara moja katika Kitabu Chake tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Wengi wetu tukiisoma amri hiyo, fikira zetu huenda mbali. Sisi tuliokulia chuoni tuliijua Bukhara kabla hatujaijua Dodoma. Tunajua kuwa Imamu Bukhari alizaliwa huko mwaka 194 wa Hijra, akazunguka nchi nyingi kutafuta Hadithi, akafariki mwaka 256 katika kijiji cha Khartank nje ya mji wa Samarkand. Tunajua kuwa Imamu Tirmidhi ni mtu wa Tirmidh, mji ulio ukingoni mwa mto Jayhun. Miji hiyo yote leo imo katika nchi ya Uzbekistan. Akirudi mtu aliyeizuru, twamzunguka barazani tumwulize kila jambo, hata rangi ya vigae vya misikiti.

Lakini mwulize mtoto wa Bagamoyo, Kwihara iko wapi? Hatakujibu. Na pengine baba yake hatakujibu pia. Na hali njia iliyoanzia mlangoni kwa babu zake ndiyo iliyokuwa ikenda Kwihara, miaka na miaka, na nusu ya majumba ya mawe tunayojivunia ilijengwa kwa kilichopita katika njia hiyo. Mimi mwenyewe nimezaliwa Bagamoyo, nimesomesha huko zaidi ya miaka thelathini, na nimepita umri wa sitini ndipo nilipoiona. Nimeona si vizuri niondoke duniani na niliyoyazingatia huko bila ya kuwaeleza wenzangu.

KUITWA KIPALAPALA

Aliyeniita ni mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemsomesha tangu Juzuu Amma mpaka Minhaj ya Imamu Nawawi. Aliondoka kwetu akiwa kijana, sababu nitaieleza baadaye, akahamia Tabora. Sasa ana mvi, ana duka dogo la nafaka na asali, na jioni husomesha watoto. Alinipigia simu, akasema: "Maalim, shikamoo. Namwoza binti yangu. Sitaki mtu mwingine asome khutba ya nikaha, nakutaka wewe." Nilinyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Inshaallah, mwanangu, nitakuja."

Kipalapala ipo kusini ya mji wa Tabora, mwendo mfupi tu kwenye barabara iendayo Sikonge. Jina hilo wengi hulijua kwa sababu ya seminari kubwa ya Wakatoliki, iliyopo hapo tangu miaka ya 1920, na kwa kiwanda cha kuchapa vitabu cha wamishenari. Lakini pembeni wanakaa Waislamu pia, na adhana husikika, na watu wanaishi kwa ujirani mwema. Asubuhi jirani, mzee wa Kinyamwezi, aliniamkia "Mwangaluka," kisha aliposikia kuwa mimi ni mtu wa pwani alinigeukia kwa utani, akanambia nimechelewa sana kuja kulipa, kwa kuwa babu yake aliwachukulia babu zangu mizigo na ujira haukutimia. Tulicheka sote. Utani ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulizaliwa njiani, katika misafara. Lakini usiku ule sikulala upesi. Neno la utani lilikuwa limeniingia kama neno la kweli.

KWIHARA

Siku ya pili mwenyeji wangu alinipeleka Kwihara. Hapo palikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe na ya matajiri wa Kiarabu na Kiswahili, wakati Tabora ilipokuwa kama mji mkuu wa biashara yote ya bara. Ipo nyumba ya tembe iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani: kuta nene za udongo, dari bapa, vyumba vimezunguka ua. Imefanywa makumbusho kwa sababu Mwingereza Livingstone alikaa humo mwaka 1872, mpaka alipoondoka mwezi wa Agosti kwenda kwenye safari aliyofia. Wageni wa Ulaya huja kwa ajili yake. Lakini mimi nilitazama miembe. Miembe haikuwa miti ya nchi ile. Ilipandwa na watu wetu kila walipotua, na hata leo ukifuata miembe mikongwe kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, unafuata nyayo zao.

Tuwape haki yao kwanza. Mzungu Burton alipofika huko na mwenzake Speke mwezi wa Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliwakuta Waarabu wa Omani na Waswahili wamekwisha kukaa, wana nyumba, bustani na visima, na walimpokea kwa ukarimu hata yeye mwenyewe akaandika kuusifu. Walikwenda na Kiswahili, na leo Kiswahili ni lugha ya Kongo ya mashariki. Walikwenda na sala, na leo Tabora na Ujiji ni miji ya misikiti. Wala tusiwasahau Wanyamwezi. Wao ndio walioizoea njia ile, wakishuka pwani na pembe zao wenyewe kabla ya misafara yetu kujaa huko. Mnyamwezi mpagazi alikuwa mtu huru aliyefanya kazi kwa ujira. Alichukua begani kiasi cha frasila mbili, karibu ratili 70, akavuka Mgunda Mkali isiyo na maji, akapanda milima ya Usagara, akaitua pwani. Mwenye kudhani kuwa kila aliyetoka bara alikuja na mnyororo shingoni, huyo haijui khabari.

Lakini walikuwako pia wenye mnyororo. Walitoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na kwengineko. Wengi wao wanawake na watoto. Vijiji vyao vilivamiwa usiku, wakaletwa Ujiji, wakapitishwa Tabora, aliyechoka akaachwa njiani. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, baada ya kubanwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kushuka pwani. Biashara ile iliendelea kwa siri baada ya hapo. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria mwaka 1922. Wapo wazee waliozaliwa mwaka huo ambao sisi tumewaona kwa macho yetu. Jambo hili si la kale kama tunavyopenda lionekane.

Nilisimama chini ya mwembe ule, nikajiuliza: aliyeupanda ana thawabu kwa kila anayekula embe na kupumzika kivulini, maana hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha juu ya mwenye kupanda mti. Na je, aliyefungwa kwenye shina lake akisubiri kuuzwa, haki yake iko wapi?

MIZANI YA MEMA NA DHULMA

Swali hili nimelisikia barazani mara nyingi, na majibu yake nayajua. La kwanza husema: watu hawa walileta Uislamu, na jambo hilo peke yake latosha. Ndugu zangu, haya si maneno ya mtu aliyesoma. Sote tumefundishwa kuwa haki ya Mwenyezi Mungu hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake nani muflisi, kisha akawaeleza kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Kiyama na sala, na saumu, na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu, basi mema yake yote yatagawiwa hao aliowadhulumu. Ikiwa sala na saumu hazimwokoi mwenye kudhulumu, mwembe na msikiti vitamwokoaje?

Jibu la pili husema: zama zile dunia nzima ilikuwa hivyo. Ni kweli kuwa utumwa ulikuwako kila upande, na Wazungu waliwavusha bahari mamilioni ya watu. Lakini sisi hatukuachwa bila ya sheria mpaka tungoje zama zitufundishe. Sharia yetu haikuacha njia ya kumvamia mtu huru kijijini kwake kwa ajili ya biashara. Yule Imamu wa Bukhara tunayemjua kwa jina na mwaka ametupokelea Hadithi kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa mshindani wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akaila thamani yake. Hadithi hiyo ilisomwa Unguja, ilisomwa Bagamoyo, na bila ya shaka ilikuwamo katika masanduku yaliyobebwa mpaka Tabora. Basi hatuwezi kusema hawakujua. Twaweza kusema tu kuwa walijua, na biashara ikawa tamu.

Jibu la tatu husema: wenyeji wenyewe ndio waliouza. Wapo waliouza, na wapo watemi walioshiriki. Lakini tangu lini kuwa na mshirika katika dhulma kukampunguzia mtu dhambi? Mwivi hasemi mbele ya kadhi kuwa walikuwa wawili, akaachiliwa.

Jibu la nne ndilo zito, nalo ni la haki: hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hiyo ni kanuni ya Kurani, na mimi siigusi. Mtoto wa leo hakununua mtu. Hataulizwa alichokifanya babu wa babu yake, na anayemtukana kijana wa Kiarabu au wa Kiswahili kwa ajili ya utumwa, huyo naye amedhulumu. Basi je, mlango umefungwa? Hatuna la kuulizwa sisi?

DENI

Nilipokuwa nikirudi kutoka Kwihara, nilikumbuka mlango wa mirathi, ambao nimeusomesha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mtu akifa, warithi hawagawi kitu mpaka litolewe deni la marehemu. Deni hutangulia urithi. Mrithi halazimishwi kulipa deni la baba yake kwa mali yake mwenyewe. Hiyo ndiyo insafu ya sharia yetu. Lakini pia haruhusiwi kuchukua nyumba na shamba akasema, "Deni ni la marehemu, mimi silijui." Ukiutaka urithi, deni linatoka ndani yake. Ukilikataa deni, acha na urithi.

Basi tutazame, tumerithi nini kutokana na njia ile ya Tabora? Pembe zimekwisha. Fedha zimekwisha. Majumba mengi yameporomoka, na mengine popo wanakaa. Kilichobaki mikononi mwetu, nacho bado tunakigawana kama mali, ni jina la uungwana. Sisi ni waungwana, wale ni watu wa bara. Sisi ni fulani bin fulani, wale hawana nasaba, wale ni wazalia, wale ni wa kuja. Huo ndio urithi uliosalia, na deni lazima litolewe humo. Hatudaiwi fedha. Tunadaiwa kiburi.

Na jina lenyewe, ukilichunguza, halina mashiko tunayodhani. Msafara ukishavuka Mrima na kuingia bara, kila mtu wa pwani alijiita mwungwana, hata aliyekuwa mtumwa wa bwana wake Unguja au aliyeachwa huru jana. Wazungu waliosafiri nao waliliandika hivyo hivyo, na katika vitabu vyao "waungwana" ni watu wa pwani wote, huru na mtumwa. Ikiwa neno lilibadilika kwa mwendo wa siku kumi, hilo ni vazi, si damu.

Tazama tena. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na watoto aliowaacha wote walizaliwa na masuria. Barghash mwenyewe mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwana wa suria alikaa kitini Unguja, na kila mtu akasimama kumwamkia. Babake Hamed bin Muhammed, yule wanayemwita Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ikaisaidia sana biashara yake. Najua mwenye fiqhi atanambia kuwa kufu hutazamwa upande wa mume, si wa mke, na kuwa mtoto hufuata nasaba ya baba. Ni kweli. Lakini mimi sisemi juu ya hukumu, nasema juu ya nyoyo. Penye pembe na penye ufalme, damu ya bara haikutukirihi. Imetukirihi pale tu alipokuja kijana fakiri kuposa.

KOSA LANGU

Sasa nieleze sababu ya kunyamaza kwangu kwenye simu.

Mwanafunzi wangu huyu alipokuwa na miaka ishirini na mitano, alipeleka posa katika nyumba moja ya kwetu. Alikuwa na dini, alikuwa na tabia njema, na kazi ya halali. Lakini mama wa bibi yake aliletwa kutoka Umanyema, na kila mtu mtaani alijua aliletwaje. Baba wa yule binti alinijia baada ya Isha. Akaniuliza, "Maalim, huyu ni kufu?" Nami nilijua kuwa hakuja kuuliza. Alikuja kutafuta neno la kumkatalia bila ya lawama.

Nilimjibu kwa Kitabu. Nikamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii nasaba na uhuru vimo katika kufu, na kuwa kufu ni haki ya binti na walii wake. Hakuna neno katika hayo lisilokuwa kweli. Lakini niliishia hapo. Sikumwambia kuwa madhali ni haki, basi mwenye haki anaweza kuiachilia, na binti na walii wake wakiridhika ndoa ni sahihi bila ya shaka yoyote. Sikumwambia kuwa Imamu Malik aliiangalia dini kabla ya nasaba. Sikumkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, na Usama ni mwana wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akachukia kwanza, kisha akakubali, akaona kheri nyingi. Sikumsomea Hadithi aliyoipokea yule Imamu wa Tirmidh, kuwa akikujieni mtu mnayeridhika na dini yake na tabia yake, mwozeni, la sivyo patakuwa na fitina katika ardhi. Wala sikumwuliza kama binti mwenyewe ameulizwa.

Nilimpa nusu ya ilimu, naye akaondoka nayo akaitumia kama kisu. Kijana akakataliwa. Hakulalamika. Alikuja kuniaga, akanibusu mkono, akapanda gari la moshi kwenda Tabora, mji ambao mama wa bibi yake alipitishwa amefungwa.

Na msiba mkubwa zaidi ni huu. Mji wetu huo wa Bagamoyo ndio mji wa Shekhe Yahya bin Abdallah, Shekhe Ramiya, Mungu amrehemu. Naye alizaliwa upande huo huo wa Umanyema, akaletwa pwani utotoni akiwa mtumwa, akaachwa huru, akasoma, akawa shekhe mkubwa wa tarika ya Kadiriya, na Waingereza walipoingia wakamfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931, na watu wa nasaba zote walikuwa wakimbusu mkono. Mimi nimekulia kwenye dhikri aliyoiacha. Nilijua yote hayo, na usiku ule sikuyasema, kwa kumwonea haya mtu mmoja mwenye jina.

NJIA YA KUPANDA

Chini ya mwembe wa Kwihara nilimwambia mwenyeji wangu: "Mwanangu, usiku ule niliulizwa juu yako, nikasema nusu."

Akainama, akaokota embe lililoanguka, akalifuta vumbi. Akasema: "Maalim, ulinisomesha mwenyewe. Mlango wa kufu niliufikia nikiwa huku, nikausoma mpaka mwisho."

Hakusema zaidi, nami sikuwa na la kuongeza. Nilimwomba msamaha kwa tamko, maana haki ya mja haimaliziki kwa kuona haya tu. Akanisamehe. Mungu amlipe.

Tulirudi Kipalapala, na hapo nikakutana na somo jingine. Katika miaka ya 1880 mapadri wa White Fathers waliweka Kipalapala makao ya watoto waliokombolewa utumwani, waliowanunua kutoka kwa wafanya biashara ya njia ile. Watu wetu hupenda kusema kuwa waliwanunua ili wawabatize. Ni kweli walikuwa na haja yao, wala hawakuificha. Lakini mimi nilijiuliza swali jingine. Kurani inataja njia ngumu ya kupanda mlima, na inatueleza kuwa njia hiyo ni kumwacha mtu huru na kulisha siku ya njaa. Kumkomboa mtumwa ni fungu mojawapo katika mafungu ya zaka. Ni kafara ya yamini, ni kafara ya kuua kwa makosa. Hakuna umma uliofunguliwa milango ya kukomboa watu kama sisi. Basi ilikuwaje, katika mji wa Waislamu matajiri, mtoto wa Kimanyema aliyetaka kukombolewa akaukuta mlango uliofunguliwa na padri? Wapo Waislamu wengi walioacha watu huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na thawabu zao ziko Kwake. Lakini njia ile ya kupanda, wengi wa watu wetu waliipanda milima ya Usagara, wakaiacha.

Nikaha ilifungwa siku ya Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, kwenye ua wa nyumba. Palipikwa wali na nyama, na wanawake wa Kinyamwezi wakaleta matobolwa na asali. Kabla sijasoma khutba, baba wa binti alinambia kuwa alimwuliza binti yake mara mbili, faragha, mbele ya mama yake, naye akaridhika. Na kuwa juu ya mume aliuliza mambo mawili tu, dini na tabia. Nilisoma khutba, nikaoza. Sikuuliza kabila la bwana harusi, na mpaka leo silijui.

Ndugu zangu wa pwani, nawausieni na kuiusia nafsi yangu kabla yenu. Kwanza, ewe mwenzangu mwenye ilimu, ukiulizwa juu ya kufu, jibu jibu zima. Nusu ya hukumu mbele ya mtu mwenye kiburi ni sawa na uwongo. Pili, enyi baba na mama, yatoeni majumbani mwenu maneno haya: mshenzi, mzalia, mtu wa kuja. Mtoto huyanyonya pamoja na maziwa, na akiwa mkubwa huyaita mila. Tatu, wafundisheni watoto khabari za njia ile zote mbili, ya mwembe na ya mnyororo, bila ya kuficha na bila ya kuwatukana waliotangulia. Waombeeni babu zenu maghufira, na waombeeni rehema wale waliopita njia ile wakiwa wamefungwa, maana wengi wao walikufa bila ya mtu wa kuwaombea.

Uungwana ni vitendo. Wazee wetu walitwambia hivyo, nao walikuwa na sababu ya kujua.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, utupe nguvu ya kuisema yote. Utusamehe tuliyoyasema, na yale tuliyoyajua tukayanyamazia. Wabillahi taufiki.